Safari ya Kumpeleka Laoban Kwenye Baridi

Mzigo wangu wa viatu vya watoto ulifika Dar kabla yangu, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine Kariakoo walisema nimekamatwa. Wengine walisema nimeolewa na Mchina. Salma, rafiki yangu tangu shule, aliniambia usoni kwamba mwanamke wa umri wangu hapotei China bila sababu ya maana. Nikamjibu kwamba sababu ipo, ina miguu minne na macho ya bluu. Hakuniamini, na wengine wote nimewajibu nusu nusu mpaka nimechoka. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, msome, halafu mniache nipumzike. Habari za viza na tiketi nimeziruka kwa sababu hazina utamu hata kidogo.

Liuhua: nilivyobebeshwa amana

Viatu vyangu huwa navichukua Liuhua, kwenye masoko yale yanayozunguka stesheni kuu ya reli ya Guangzhou, kwa mama mmoja aitwaye A-Ling. Ni mfupi, ana sauti kubwa, na tumegombana juu ya bei miaka mingi kwa mapenzi kabisa. Mwaka mmoja niliugua homa nikiwa peke yangu hotelini, na yeye ndiye aliyekuwa akiniletea uji wa samaki kila siku mpaka nikainuka. Kwa hiyo A-Ling akiniomba kitu, ulimi wangu unakosa nguvu ya kukataa.

Safari hii nilikwenda dukani kwake na Elisha, kijana wa Njombe aliye kule kwa ufadhili, anasomea uzamivu wa mambo ya udongo, na akipata nafasi hunitafsiria. Nyuma ya maboksi, mbele ya feni, alikuwa amelala mbwa mkubwa wa kijivu na mweupe, ulimi nje, anahema kama amekimbia kutoka Ubungo. Nilirudi nyuma kwa nguvu nikamkanyaga mteja.

A-Ling alieleza na Elisha akatafsiri. Mbwa yule ni haski, jamii ya mbwa wa theluji. Wenyewe walihama wakamwacha amefungwa kwenye bomba nyuma ya soko. A-Ling na wenzake wana kikundi cha kuokota mbwa waliotupwa na kuwatafutia nyumba, na huyu ndiye peke yake aliyebaki, kwani hakuna aliyetaka kuishi naye katika joto lile. Mnaoijua Guangzhou majira hayo mnajua: kuta zenyewe zinatoa jasho. Jengo analokaa A-Ling haliruhusu mbwa wakubwa, na mlinzi alikuwa ameshasema wiki ikiisha atatoa taarifa, mbwa achukuliwe. Wiki hiyohiyo A-Ling alikuwa analazwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa nyonga.

"Wakimchukua mimi nikiwa kitandani," alisema, "sitamwona tena, wala sitajua alikopelekwa."

"Elisha, mwambie mimi ni Mwislamu," nikasema. "Mwambie mbwa kwetu ni shughuli."

"Nimeshamwambia, mama. Anasema anajua, ndiyo maana amekununulia hizi."

A-Ling akatoa chini ya meza glovu za mpira za kuoshea vyombo, za njano, ndefu hadi kiwikoni.

Nilimwambia *meiyou*, lile neno letu la sokoni la kusema hakuna, nikalirudia na kulirudia. Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati ana marafiki tele wa kwao.

"Anasema wewe ndiye mnunuzi msumbufu kuliko wote aliowahi kuwauzia," Elisha akatafsiri, huku akijitahidi asicheke. "Wengine wanaangalia boksi la juu, wanalipa, wanaondoka. Wewe unashusha yote, unafungua la katikati. Anasema mtafutie huyu nyumba kama unavyochagua viatu."

Mniambie, hapo ningejibu nini? Nikazivaa zile glovu. Nilimwambia simchukui awe wangu, namchukua kama amana, na amana nitaifikisha. Nikamwahidi pia kwamba nikirudi nitakaa naye mpaka aweze kutembea.

Jina la mbwa lilikuwa Laoban, yaani bosi, ndivyo tunavyowaita wenye maduka wote kule. Watu wa soko walimpa jina hilo kwa vile alikuwa akilala mlangoni kama mwenye duka. Ubaya wake ni kwamba ukimwita kwa sauti, nusu ya soko inageuka kukusikiliza.

Shahe: udongo safi na rangi nyekundu

Kwa wasiojua dini yetu niwaeleze kidogo. Mbwa akiwa mkavu na wewe mkavu, kumgusa hakuna neno. Tatizo ni mate. Akikulamba unaosha mara saba, na moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Sasa katika mji ule wa saruji na vigae, udongo safi unaupata wapi? Nilimwomba Elisha.

"Mama, nimesoma udongo tangu niko Morogoro," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuja kuniomba. Unataka wa mfinyanzi au wa kichanga?"

"Nataka msafi, mwanangu."

Akaniletea kopo zima kutoka kwenye bustani ya utafiti chuoni kwake, umechekechwa vizuri. Kopo hilo likawa mkobani mwangu safari nzima.

Nyumba za Laoban zilizojitokeza zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtu na mkewe, vijana, nje kidogo ya Changsha. Walituma picha za sebule inayong'aa, kiyoyozi, na kochi dogo walilomnunulia mbwa. Ya pili ilitoka kwa dereva wa kenta aliyekuwa akibeba nguo kutoka Shahe, soko la nguo la hapohapo Guangzhou, kwenda kaskazini. Shifu ndivyo wanavyoitwa madereva na mafundi kule, na sisi tulimwita hivyohivyo. Shifu alisema dada yake mkubwa, mjane anayelima viazi mbali huko kupita Beijing, anaweza kumchukua. Picha aliyotuonyesha ilikuwa ya ukuta wa udongo mrefu na mbaya, geti la bati lililopinda, na tope. Elisha alicheka. Mimi pia nilicheka, nisidanganye. Tukachagua Changsha, na kwa kuwa kenta la Shifu lilipitia hukohuko, akakubali kutuchukua.

Siku ya kuondoka tulikutana kwenye uwanja wa kupakilia mizigo Shahe. Laoban alikuwa ndani ya kreti kubwa la plastiki, amekula ameshiba, amelala. Tulilifunika kwa turubai, matundu ya hewa tukayaacha wazi pembeni, ili walinzi wasiulize maswali. Mkononi nilikuwa na kopo la rangi nyekundu ya kupuliza, kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa namalizia kuweka alama kwenye maboksi yangu ya mwisho. Sisi tunaochangia kontena kila mtu ana alama yake. Bila alama mzigo wako unaishia duka la mwenzio. Yangu ni MIK DAR, yaani Mama Ilham Kariakoo, Dar.

Mkono wangu sasa una tabia zake. Ukiona kitu changu kina upande ulio wazi, unapiga alama. Nilipiga MIK DAR juu ya lile turubai, nikarudi nyuma hatua moja, nikaona herufi zimekaa vizuri, nikaridhika. Kisha mimi na Elisha tukaenda kununua mikate na mayai ya njiani.

Tuliporudi, Shifu alikuwepo na kenta lake lilikuwepo. Maboksi yangu hayakuwepo. Kreti halikuwepo.

Nansha: mzigo unaolia

Vijana wa wakala wangu wa kusafirisha mizigo walikuwa wamekuja na lori kuchukua mzigo wangu wa mwisho. Walichukua kila chenye alama ya MIK, kama ninavyowafokea siku zote wafanye, wakakata kona kuelekea bandarini Nansha. Kontena lilikuwa linafungwa siku ileile. Nikamwona Laoban amefungiwa gizani katikati ya viatu, baharini, na A-Ling kitandani ananiuliza amana iko wapi. Shifu aliposikia aliwasha gari.

Tulikuwa katikati ya njia simu ilipolia. Alikuwa Kassim, wakala wangu, kijana wa Unguja.

"Mama Ilham, shikamoo. Hebu nambie, umetia nini humu? Mzigo wako mmoja walia."

"Usiupakie, Kassim! Usiupakie!"

"Siupakii, lakini umeandikwa Dar."

Tulipofika godauni, kazi yote ilikuwa imesimama. Wapakizi walikuwa wamekaa duara na simu zao mkononi, Laoban yuko katikati ameinua kichwa analia ule mlio mrefu wa jamii yake, na wao wanamwitikia. Mtu mmoja alikuwa ameleta ndoo ya barafu ya kuhifadhia samaki na kuimwaga sakafuni. Laoban aliponiona alinyamaza, akajilaza tumbo juu ya ile barafu, akafunga mdomo.

Hicho kitu kilinishika. Tangu nimwone, sikuwahi kumwona amefunga mdomo. Mchana alihema, usiku alihema, akila alihema. Kumbe uso wake ulikuwa hivi, mtulivu, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake akavua viatu. Machozi yalinilengalenga mbele ya wanaume wote wale, nikasingizia vumbi.

"Huyu ndiye ulomuandikia Dar?" Kassim aliuliza. "Dar ataiweza huyu? Mie mwenyewe siiwezi."

Kuanzia hapo Laoban alikataa kabisa kuingia tena kwenye kreti. Kenta la Shifu lilikuwa na viti vya nyuma, na yeye akapanda akakaa kimoja kama abiria aliyelipa, Elisha pembeni yake. Nilikaa mbele na glovu zangu za njano, na kila mtu tuliyempita barabarani alitugeukia.

Changsha: sebule na nyuma yake

Tulifika Changsha kesho yake mchana. Wenyeji walikuwa vijana safi, wenye adabu, na sebule ilikuwa kama picha ilivyosema. Laoban alijilaza kwenye marumaru chini ya kiyoyozi. Meza ilikuwa imejaa. Elisha aliwaeleza kwamba sili nguruwe, wakasema hakuna shida, wakaniletea sahani ya maharage mabichi. Juu yake palikuwa na vipande vidogo vya nyama vilivyokaangwa vizuri. Nikauliza ni nyama gani. Wakasema ni nguruwe, lakini kidogo tu, kwa ajili ya harufu. Nilikula mayai yangu ya Shahe na matango, pilipili ya jimbo lile la Hunan ikanitoa kamasi, tukacheka sote.

Nilitamani sana kuwapenda wale vijana. Lakini mkono una tabia zake, na macho pia.

"Waulize nyuma kuko wapi," nikamwambia Elisha.

"Wanasema nyuma ni stoo tu, mama."

"Basi nione stoo."

"Mama, tumekaribishwa chakula hapa," Elisha alininong'oneza.

"Na kwenye viatu huwa nakaribishwa chai. Waulize."

Hawakuficha. Walitupandisha ngazi ya nyuma mpaka juu ya paa. Chini ya mabati palikuwa na vizimba, na ndani yake mbwa wakubwa wa manyoya, wengine wamepakwa rangi ya waridi masikioni na mkiani. Wageni walikuwa wanakuja kulipia kupiga nao picha. Walikuwa wanalishwa vizuri, hilo niliona, na maji yalikuwepo. Lakini wote walikuwa wanahema, ndimi nje, na bati juu yao lilikuwa halishikiki.

"Wageni wakija wanashushwa kwenye ubaridi," alieleza yule bibie.

"Na wasipokuja?"

Elisha aliuliza. Mume akamtazama mke, mke akatazama ndoo. Laoban alikuwa ametufuata, na pale mlangoni pa paa alisimama, hakutaka kukanyaga.

Niliwashukuru kwa chakula. Elisha aliongea nao kidogo kwa heshima, wakatusindikiza wakipunga mikono.

"Umewaambia nini?" nilimuuliza garini.

"Nimewaambia umesahau dawa zako Guangzhou, tunarudi kuzichukua."

Nilikasirika, kisha nikahuzunika, kisha vyote viwili. Sikukasirikia wale vijana peke yao. Nilikasirika kwamba nilikuwa nimeacha picha inichagulie, mimi ambaye siwezi kununua hata ndala bila kuikunja. Guangzhou hatukuweza kumrudisha, wiki ya mlinzi ilikuwa inaisha. A-Ling alituma ujumbe wa sauti kutoka hospitali akiuliza tumefikia wapi.

Shifu, bila kunitazama, akachukua simu yake akaniwekea mapajani. Ilikuwa picha ya ule ukuta.

Njia ya kaskazini: tambi na fiqhi

Barabara ya kaskazini ni ndefu na chakula changu kilikuwa cha aina moja. Kila mji wa China una mgahawa wa tambi za nyama ya ng'ombe wa Waislamu wa kule, una maandishi ya Kiarabu mlangoni, na Shifu akawa hodari wa kuyaona kwa mbali kuliko mimi. Alikuwa akipiga honi na kuonyesha kidole kwa furaha.

Kwenye mmoja wa migahawa hiyo Laoban aliruka kutoka garini kwa shukrani, ulimi wake ukapita juu ya glovu na kunipata kwenye mkono, juu ya kiwiko. Nikaenda kwenye bomba la nje, nikatoa kopo langu, nikaanza shughuli yangu.

Shifu alisimama akanitazama, akavua kofia. Alimwambia Elisha kitu kwa sauti ya chini.

"Anasema anaelewa," Elisha alinieleza. "Alipoondoka kwao mara ya kwanza kwenda kutafuta kazi kusini, mama yake alimfungia udongo wa nyumbani kwenye kitambaa asije akasahau alikotoka. Anadhani wako ni udongo wa Tanzania. Nimwambie ukweli kwamba ni wa chuoni kwetu?"

Nilimwangalia yule mwanaume ameshika kofia.

"Mwache," nikasema.

Mwenye mgahawa naye alikuwa ametoka, mzee mwenye kofia nyeupe. Alinisalimia kwa salamu ya Kiislamu nami nikamwitikia, na hayo ndiyo maneno pekee tuliyoelewana bila msaada. Alikuwa amehesabu maosho yangu. Akataka kujua kwa nini saba, wakati kwa madhehebu yao mara tatu zinatosha na udongo si lazima. Nikamjibu kwamba sisi wa pwani tunafuata Imam Shafi. Akajibu yeye anamfuata Imam Abu Hanifa, na maji ni ghali. Nikajibu najisi haiangalii bili. Ikawa hivyo mpaka tambi zikapoa. Katikati yetu alikaa Elisha, Mlutheri wa Njombe, akitafsiri fiqhi, yaani sheria za dini, huku na huku, jasho linamtoka.

"Mama," alisema mwishowe, "nikirudi chuoni naomba mnipe cheti."

Mzee alikataa kukubali saba, nami nilikataa kukubali tatu, akaniongezea nyama kwenye bakuli. Laoban alipewa mfupa mkubwa uani.

Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyobadilika. Shifu alizima kiyoyozi, baadaye akafungua vioo. Nilijifunika kanga mbili juu ya baibui na bado nilitetemeka. Nyuma yangu palikuwa kimya, nikageuka kuangalia kama kuna tatizo. Laoban alikuwa ametoa kichwa dirishani, macho nusu wazi, na mdomo umefungwa.

Ukuta wa viazi

Tulifika asubuhi. Maji ya ndoo getini yalikuwa na utando wa barafu juu yake, mwezi ambao Guangzhou watu wanalala na feni mbili. Dada yake Shifu alitoka na koti moja kubwa la kijani, zito la pamba, akanivika kabla hajajua hata jina langu. Lilifika chini, likaburuta. Ni mama mpana, mkavu wa maneno, mikono yake imejaa udongo. Tulimwita Dada Mkubwa kama alivyomwita mdogo wake.

Elisha alishuka akasimama katikati ya uwanja akavuta hewa. Mashamba ya viazi yanayosubiri kupandwa, ukungu, harufu ya moshi wa kuni.

"Mama, hii ni Njombe," alisema. "Ni Njombe kabisa, wamebadilisha watu tu."

Laoban aliingia kwa mbwembwe kama bosi anayekagua duka jipya. Mabata bukini wa Dada Mkubwa walimwona. Walishuka kwa pamoja, shingo mbele, wakamkimbiza kuzunguka uwanja mpaka akaja kujificha nyuma ya koti langu. Shifu alicheka hadi akaketi chini. Laoban alikasirika, akakimbilia ukutani kuruka atoroke. Haski ni hodari wa kutoroka, A-Ling alinionya hivyo. Aliruka, akashindwa. Akajaribu kona nyingine, akashindwa tena. Ukuta ule mbaya wa kwenye picha ulijengwa na marehemu mume wa Dada Mkubwa kuzuia upepo wa majira ya baridi, mnene na mrefu, na nyuma yake uwanja ulikuwa mkubwa kuliko soko zima la A-Ling.

Lakini nilikuwa nimeshadanganywa na mbele mara moja.

"Mwambie naomba kuona nyuma," nikasema.

Safari hii Elisha hakunong'ona. Dada Mkubwa hakuuliza kwa nini, alitangulia tu. Nyuma ya jiko palikuwa na ghala la viazi, punda mmoja, na pembeni ya bomba la moshi, mahali penye joto, palitandikwa koti kuukuu la mwanaume. Juu ya koti alilala mbwa mzee mweusi. Alikuwa kipofu. Alipotusikia alipiga mkia chini mara moja, hakuinuka. Dada Mkubwa alichuchumaa, akachovya mkate kwenye supu, akaufinyanga kwa vidole, akamtia mdomoni kipande kwa kipande, kwani meno hayakuwepo. Alifanya hivyo huku akiendelea kumwambia mdogo wake habari za bei ya mbegu, kama jambo la kila siku lisilohitaji kutazamwa.

Mbwa yule hakuweza kulinda wala kuona wala kutafuna. Na alikuwa mnene.

Nimefanya biashara miaka mingi na nawaambia, mwenye duka humjui kwa viatu vipya vya mbele. Unamjua kwa namna anavyoviweka vile visivyouzika. Nilisimama pale na koti langu la kuburuta nikaanza kulia, na mara hii sikusingizia vumbi.

"Muulize kama Laoban akizeeka..." nilianza.

Elisha aliuliza. Dada Mkubwa alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua litatoka. Akaonyesha upande wa pili wa bomba la moshi, palipokuwa patupu.

"Anasema nafasi ipo," Elisha akasema.

Nilimpigia A-Ling simu ya video. Alikuwa ametoka kwenye upasuaji, uso umevimba kwa dawa, sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Hakuuliza nyumba ina nini, wala hakuuliza wenyeji ni nani.

"Nyuma umeona?" ndilo swali lake.

"Nimeona. Mwambie, Elisha. Mwambie nyuma ni kuzuri kuliko mbele."

A-Ling alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amelala, kisha akasema sasa nimruhusu apumzike kwa sababu namchosha, na kwamba mzigo ujao hatanipunguzia hata senti. Nikajua atapona.

Tulikaa mpaka nguo zikashushwa mjini na Laoban na mabukini wakakubaliana mipaka. Asubuhi ya kuondoka kopo langu la udongo lilikuwa limebaki tupu. Dada Mkubwa alikuwa amesikia kutoka kwa mdogo wake habari ya udongo wa nyumbani. Alilichukua, akaenda nalo shambani, akarudi limejaa udongo mweusi wa viazi, akanishikisha kwa mikono miwili. Elisha aliutia vidoleni, akausugua, akasema ni mzuri sana. Hakutafsiri kitu kingine, na hapakuhitajika.

Glovu nilikuwa nimezifungia ndani ya begi. Niliinama kumuaga Laoban kwa maneno tu, nikamwambia kwa Kiswahili akae vizuri na watu, asikimbize kuku wa jirani, na kwamba amana imefika. Alinisikiliza, mdomo umefungwa. Kisha akanilamba kiganja, chote, kutoka kwenye kifundo mpaka ncha za vidole, akageuka akaenda zake kulala kwenye utando wa barafu chini ya ule ukuta.

Niliingia garini nimeuweka mkono huo juu ya goti, kiganja juu, nisiguse kitu. Sala ya adhuhuri ilikuwa bado. Tulishuka kilima, ukuta ukawa mdogo, ukawa mstari, ukafichwa na mlima.

Kwenye bomba la kwanza la njiani Shifu alisimamisha gari mwenyewe. Alikuwa ameshaijua shughuli. Alinifungulia mlango, akasimama ameshika kopo la udongo mkono mmoja na chupa ya maji mkono wa pili, akinisubiri.

Nilitazama kiganja changu, nikamwambia asubiri kidogo.